Stroberi za Buhigwe kwenda Ulaya, inawezekana au mama zangu wanapigwa?

MwanaMunanila

Wakuu habari za jioni, na Waha wenzangu mwakeye japo jua limeshazama.

Niende kwenye hoja. Mama yangu mzazi na wenzake 22 huko Munanila, Buhigwe, wana kikundi. Kilianza kama kikoba cha kawaida tu, baadae mmoja wao alienda Lushoto kumuona dada yake akarudi na miche ya stroberi kwenye ndoo. Kule kwetu ni juu, baridi ipo, kahawa inakubali, na hizo stroberi zimekubali kuliko tulivyodhani. Kiangazi hiki kikundi kizima kinachuma kama kilo 60 mpaka 80 kwa wiki, wanauza Kasulu mjini na Kigoma mjini kwa mafungu, nyingine zinalainika kwenye beseni zinamwagwa maana watu wengi bado wanaliona ni tunda la kupambia keki, mtu anaonja moja anacheka anaondoka.

Sasa kaja jamaa, anasema yeye ni ajenti ana soko Uingereza na Dubai. Masharti yake: kila mama apande robo eka, miche anunue kwake shilingi 1,200 mche mmoja, anasema ni Chandler ya maabara, alafu atakuja kuchukua mzigo shambani kwa elfu 12 kilo. Juu ya hapo kuna "ada ya kusajiliwa sokoni" laki moja na nusu kwa kila mwanachama. Mkataba kaniletea, kurasa mbili, muhuri upo ila anwani hakuna. Mama zangu wameshachangamka vibaya mno, mmoja kauza mbuzi.

Wameniambia mimi ndo nimesoma na nina simu kubwa, kwahiyo niwasaidie, na kama huyo jamaa ni wa mchongo basi niwatafutie njia wapeleke wenyewe nje. Mimi ni mwalimu wa historia, mambo ya kupeleka mzigo nje nayajua mpaka enzi za karafuu na pembe za ndovu tu, ya sasa hivi hapana. Vibali gani vinahitajika, mzigo unatokaje Kigoma mpaka huko, na hiyo bei ya elfu 12 ipo kweli? Naombeni wenye uzoefu.

KijanaWaUjiji

Mwalimu hata mgebuka wetu tunamkausha kwanza ndo anapanda treni, wewe unataka stroberi mbichi ifike London 😂😂 ikifika Nzega tu itakuwa juisi

MwanaMunanila

Cheka kaka ila nisaidie basi

KijanaWaUjiji

Nimeshakusaidia hapo juu, soma tena

MamaPakihausi

Mwalimu pole na majukumu. Mimi nipo Arusha, nimefanya kazi pakihausi (pale mazao ya kwenda nje yanapochambuliwa na kufungashwa) miaka minane, zaidi maharage machanga na njegere za kwenda Ulaya, na kuna misimu miwili tulishika stroberi, kwahiyo nakwambia nilichokiona na sio cha kwenye semina.

Kabla ya vyote piga hesabu ya miche. Robo eka ukipanda inavyotakiwa inameza miche kama elfu 5. Mara 1,200 ni milioni 6 kwa mama mmoja. Mara 23 ni milioni 138. Bado hiyo laki na nusu ya kila mtu. Sasa jiulize huyo jamaa biashara yake ni ipi, maana kabla hata ya tunda moja kuiva yeye ameshavuna. Huyo hatafuti stroberi za kuuza Uingereza, anatafuta wa kuwauzia miche.

Na Chandler sio siri ya maabara ya mtu, ni aina ya siku nyingi kutoka Kalifonia, imejaa nchi nzima na mingi inazaana kwa vile vikamba vinavyotambaa. Hao mama wana miche tayari shambani, wajifunze tu kuchagua mama mche asie na ugonjwa.

Tukija kwenye kusafirisha. Stroberi haiivi baada ya kuchumwa kama parachichi au ndizi. Ukichuma nyeupe itabaki chachu milele, kwahiyo lazima uchume imeshakuwa nyekundu, na ikishakuwa nyekundu saa imeanza kuhesabu. Pale kazini sheria ilikuwa tunachuma alfajiri, kikonyo kinabaki, mkono haugusi nyama ya tunda, na ndani ya saa moja au mbili iwe imeingia kwenye baridi ya kupuliziwa mpaka ndani ya tunda ishuke karibu na nyuzi sifuri. Ukiifanyia hayo yote na baridi isikatike hata mara moja unapata siku tano mpaka saba. Basi. Ukiiacha kivulini mpaka saa sita mchana umeshapoteza siku kadhaa bila kuona kitu kwa macho, ndo ubaya wake, inaondoka nzuri inafika na manyoya ya kijivu.

Sasa weka Munanila kwenye hiyo hesabu. Uwanja wenye vyumba vya baridi na wakala waliozoea mboga na matunda ni KIA, na mzigo mwingi wa Arusha na Moshi unapitia hata Nairobi kwa sababu ndege za mizigo ziko kule nyingi. Kutoka kwako mpaka Arusha ni zaidi ya kilomita elfu moja. Umechuma Jumatatu asubuhi, Jumanne usiku gari linaingia kama halijapata pancha, Jumatano ukaguzi na kupaki upya, usiku ndege, Alhamisi uko Ulaya, Ijumaa au Jumamosi ndo linakaa dukani. Hapo siku zako saba zimebaki ngapi? Mnunuzi wa kule anataka alipate likiwa na siku zake za kukaa kwenye rafu na nyingine za kukaa kwenye friji ya mteja.

Na gari la baridi halitoki kwa kilo 80, linataka tani. Ndege nayo ina hesabu zake, hawapimi uzito tu wanapima na nafasi, kila sentimita za ujazo 6,000 wanaihesabu kilo moja hata kama ndani ni hewa, na stroberi huwezi kuzishindilia kama viazi, zinakaa kwenye vibakuli vya gramu 250 vyenye matundu. Kwahiyo unalipia hewa, na tunda lenyewe karibu asilimia 90 ni maji, unalipia na maji.

MamaPakihausi

Nimesahau la msimu na ndo kubwa kuliko yote, samahani natype huku napika.

Kiangazi chenu, Juni mpaka Septemba, ndo mnapochuma. Muda huohuo Waingereza wanachuma za kwao, ndo msimu wa tenisi ya Wimbledon watu wanakula stroberi na krimu, zimejaa mpaka barabarani. Bei nzuri Ulaya ni ile baridi yao, kuanzia Novemba mpaka kama Februari, na hapo Misri na Moroko wanaingiza, Hispania nao wanaanza, tena Mhispania anapakia lori anaendesha mpaka London bila kugusa ndege. Na hiyo Novemba mpaka Aprili Kigoma ni mvua. Stroberi na mvua ni ukungu wa kijivu, utapiga dawa mpaka mikono iume. Bila kujenga mahema ya plastiki huna tunda la kueleweka msimu ambao bei ipo.

Elfu 12 shambani alafu aongeze gari, faito (cheti cha afya ya mimea), vibakuli, ndege na kamisheni ya muuzaji wa kule, akashindane na lori la Mhispania? Haiwezekani, hata kwa maombi.

Mzalendo_Halisi

Hapa ndo Watanzania tunapofeli, mtu analeta wazo watu wanamzika nalo. Kenya hapo jirani wanapeleka bluberi Ulaya na Uarabuni, Peru miaka ya 2000 walikuwa hawana hata shamba la maana la bluberi leo ndo wanaongoza dunia kuuza nje. Walianzaje? Nao waliambiwa mbali. Peru na Ulaya kuna bahari nzima katikati! Mwalimu usikate tamaa, tatizo letu ni uoga na urasimu

MamaPakihausi

Kaka Mzalendo sijamzika mtu. Ila mfano wako mwenyewe unajibu. Bluberi ngozi yake ngumu, ina nta, ikipozwa vizuri inakaa wiki kadhaa, ndo maana Peru wanaweza kuipandisha kwenye kontena la baridi ikaelea baharini wiki mbili tatu ikafika nzima. Jaribu kufanya hivyo na stroberi uone. Na Kenya mashamba yale mengi yana mtaji wa wawekezaji, hayako mbali na Nairobi, gari linafika eapoti siku hiyohiyo.

Bluberi yenyewe inataka udongo mchachu, pH 4.5 mpaka 5.5, wengi wanaipanda kwenye ndoo zenye mchanganyiko maalum na maji ya matone yaliyochanganywa mbolea, na aina nzuri za nchi za joto zina wenyewe, unalipia haki ya kupanda. Mama wa kikoba ataanzia wapi hapo? Siku Buhigwe ikipata mtu mwenye mtaji na kiwanja cha ndege cha mizigo Kigoma tutaongea, nitakuwa wa kwanza kuomba kazi.

NyukiWaSikonge

Mwangaluka wote. Mwalimu mimi wa Tabora, Sikonge, sijui stroberi ila najua kupeleka kitu nje kutoka kwenye pori lisilo na lami maana nimekuwa kwenye ushirika wa wafugaji nyuki toka kijana.

Asali ya Tabora inafika Ulaya miaka na miaka. Kahawa ya hapo kwenu Kalinzi na Manyovu inafika. Dagaa anafika Kongo na Zambia. Vyote hivyo vina kitu kimoja, vinakaa kwenye ndoo au gunia na vinakusubiri. Treni ikichelewa asali haina habari. Mnunuzi akivunja miadi unampigia mwingine. Mwenye tunda linalooza kesho anapigiwa simu na mnunuzi anaambiwa bei imeshuka nusu, na atakubali, afanyeje sasa? Kijana wa Ujiji kaongea utani ila ndo jibu lenyewe.

Sisi kilichotutesa haikuwa soko, wanunuzi wapo. Kilichotutesa ni karatasi na masalia. Ulaya wanataka nchi iwe na mpango wa kupima masalia ya dawa kwenye asali kila mwaka ndo iruhusiwe, Tanzania tumo kwenye hiyo orodha, lakini kila ndoo lazima ijulikane imetoka kwa nani na mzinga uko pori gani. Wazee wetu walikuwa wanaona ni usumbufu, mzee ana mizinga mia mbili kichwani anaijua yote, umwambie aandike! Tulikaa misimu miwili tunafundishana kuandika daftari. Ndoo moja yenye moshi au maji mengi inaharibu sifa ya mzigo wa watu arobaini. Kwahiyo mwalimu ukiuliza utawasaidiaje mama zako, usianze na kutafuta Mzungu. Anza na daftari, wewe si mwalimu bana.

MamaPakihausi

Mzee wa Sikonge shikamoo, hapo umenena. Naongezea upande wa dawa maana kwenye stroberi ni balaa zaidi, tunda halimenywi.

Ulaya dawa ambayo haina kiwango chake maalum wanaiwekea kikomo cha miligramu 0.01 kwa kilo. Ni sawa na gramu moja kwenye tani mia. Sasa kwenye maduka ya pembejeo nimeshakuta dawa za wadudu, klopairifosi na profenofosi, zinauzwa kama chumvi, watu wanapiga kwenye nyanya na kabichi. Klopairifosi Ulaya waliifuta mwaka 2020. Jirani akipiga kwenye nyanya zake upepo ukageuka, mzigo wako umekwisha, na wakikukamata hawakupigi faini tu, jina la nchi linaingia kwenye mtandao wao wa tahadhari na wote tunaanza kukaguliwa mara mbili.

Na usafi. Mwaka 2012 Ujerumani watoto wa shule wapata 11,000 waliharisha na kutapika kwa stroberi zilizogandishwa kutoka China, zilikuwa na virusi. Kirusi kama kile kinatoka kwenye kinyesi cha binadamu, kinapita kwenye mkono usionawa au maji machafu. Kwahiyo choo karibu na shamba, maji na sabuni, kabla hujawaza hata jina la kuandika kwenye kopo. Wanaponunua supamaketi kubwa wataulizia GLOBALG.A.P., cheti cha kilimo salama, hiyo kikundi kinaweza kupata kwa pamoja sio kila mama peke yake, lakini mnakaguliwa kama mwili mmoja, mama mmoja akichafua wote mmechafuka.

Ulivyouliza vibali: kikundi kisajiliwe kiwe na TIN (namba ya mlipa kodi), kama mnataka kampuni mnasajili BRELA. Mazao mabichi kwenda nje unahitaji cheti cha afya ya mimea, ndo ile tunaita faito, wanatoa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, wana wakaguzi mpaka mipakani. Ulaya toka Desemba 2019 karibu kila tunda bichi lazima liwe nayo, waliyosamehe ni matano tu, nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Cheti cha uasili, kinachoonyesha mzigo umetoka nchi gani, mnaanzia TCCIA, chemba ya wafanyabiashara. Ushuru wa kuingia kule ni sifuri, sisi tuko kwenye nchi maskini zaidi kwahiyo EU tunaingiza bure toka 2001 chini ya EBA, mpango wao wa kuzifutia ushuru nchi hizo, na Waingereza nao wana utaratibu wao. Kwahiyo ushuru sio tatizo, yeyote anayekuomba hela "ya kupunguziwa ushuru Ulaya" mfukuze. TAHA nao wana ofisi huku Arusha, ni chama cha wakulima wa mboga na matunda, wapigie wana watu wa kukushauri na wanalijua soko.

Neno moja la mkataba: angalia kama imeandikwa mnunuzi analipa lini na nani anabeba hasara tunda likiharibika njiani. Matunda mengi Ulaya yanauzwa mali kauli, kule anauza kwanza, anakata kamisheni yake na gharama, kinachobaki ndo anakutumia. Nimeshaona mkulima anatumiwa deni badala ya hela.

MwanaMunanila

Aisee. Nimesoma yote nikamsomea mama kwenye simu, alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata. Alafu akaniuliza "kwahiyo za kukausha je?"

Mkataba nimeusoma tena. Hakuna sehemu inayosema analipa lini. Kuna sehemu inasema atachukua mzigo "utakaokidhi viwango vya mnunuzi", viwango havijaandikwa. Kwahiyo anaweza kuja akasema vyote havijakidhi.

Swali: kukausha au kutengeneza jamu, tunda ambalo watu wa hapa wanalicheka likiwa bichi, nani atalinunua likiwa kavu?

BiManyovu

Mwalimu mimi nakaa Manyovu napitisha bidhaa Mugina upande wa Burundi mara mbili kwa wiki, mama yako huenda ananijua kwa sura. Nyie mnazungumzia London mimi nazungumzia hapa ng'ambo ya bondeni.

Mzigo usiozidi dola 2,000 ndani ya Afrika Mashariki kuna fomu nyepesi ya uasili, unajaziwa palepale mpakani na watu wa forodha, haihitaji wakala, na kwa bidhaa zilizo kwenye orodha hakuna ushuru. Faito bado unatakiwa kwa mbichi usije ukadanganywa. Mimi nimeshapeleka matunda mengi tu hivyo. Shida ya kule sio mpaka shida ni hela, faranga yao haina nguvu na dola hazionekani, kwahiyo elewana mapema mnalipana kwa shilingi na mnalipana mkononi. Usikubali "nitakutumia wiki ijayo".

Mbichi sitachukua nakwambia ukweli, nilijaribu mara moja beseni mbili kwenye bodaboda, nilifika na uji. Jamu ningechukua. Zilizokaushwa sijui, naomba nizione kwanza.

Na Mwanza mmefikiria? Hoteli za Mwanza, keki za Mwanza, migodi ya Geita na Kahama wana makantini ya wageni. Lami ya Kasulu Kibondo sasa hivi sio kama zamani tulipokuwa tunalala Nyakanazi. Mbichi chache zenye ubora kwenye boksi la barafu usiku zinafika asubuhi, hizo uza ghali. Zilizobaki pika.

MamaPakihausi

Dada Manyovu kamaliza. Mwalimu sasa geuza ile hesabu ya msimu niliyokupa. Kiangazi ni kibaya kwa mbichi kwenda Ulaya, lakini kwa kukausha ndo wakati wenyewe, jua la Julai na Agosti huko kwenu hakuna mvua hakuna unyevu. Katakata vipande vya milimita tano hivi, panga kwenye trei ya wavu ndani ya kikaushio cha jua kilichofunikwa nailoni ya shambani, hewa ipite, inzi wasipite. Kwa kawaida kilo kumi mbichi zinatoa kama kilo moja kavu. Ile kilo moja ndo inasafiri, haihitaji gari la baridi na unaweza kukusanya miezi mitatu mpaka mzigo ukaeleweka. Yale maji uliyokuwa unayalipia nauli umeyaacha Buhigwe.

Jamu ni rahisi zaidi kuanza. Stroberi haina pektini nyingi inakataa kuganda, kwahiyo tia maji ya limao, inasaidia na rangi isife. Nendeni SIDO (shirika la viwanda vidogo) hapo Kigoma mfundishwe, na SIDO wakiwapa barua TBS (shirika la viwango) wana utaratibu wa kuwabeba wajasiriamali wadogo kwenye alama ya ubora. Bila TBS supamaketi ya Mwanza haitawasikiliza, sembuse nje.

Na kuna lile tunda dogo la njano linakaa ndani ya ganda kama taa ya karatasi, sijui kwenu mnaliitaje, Wazungu wanaliita fizalisi. Kolombia wanaliuza Ulaya kwa fujo. Likibaki na ganda lake linakaa muda mrefu kuliko stroberi mara nyingi, na likikaushwa ni kama zabibu. Kama linaota hapo bure msilingoe.

KijanaWaUjiji

Linaota nyuma ya choo chetu toka nazaliwa tunalisha kuku 😳

Mzalendo_Halisi

Sawa nimeelewa ila bado nasema serikali ilete chumba cha baridi Kigoma, na SGR ya Tabora Kigoma ikiisha hizi hesabu za siku tatu zitabadilika. Mtanikumbuka

NyukiWaSikonge

Ikiisha tutakukumbuka kijana. Kwa sasa mama kauza mbuzi, tushughulike na mbuzi.

MwanaMunanila

Wakuu narudi baada ya wiki tano na mrejesho, samahani ilikuwa mitihani.

Jamaa nilimpigia nikamuuliza vitu viwili tu, jina la mnunuzi wa Uingereza na chumba cha baridi atakachotumia kiko wapi. La kwanza akasema ni siri ya kibiashara. La pili akasema gari lake lina kiyoyozi. Nikamwambia mkataba tutasaini akiongeza tarehe ya malipo na akifuta ile ada, toka siku hiyo simu inaita haipokelewi. Wanachama wanne walikuwa wameshalipa laki na nusu kabla hawajaniambia, pamoja na yule wa mbuzi. Risiti hawana, wana meseji ya muamala tu. Tumepeleka polisi Buhigwe, tunasubiri.

Kukausha: mara ya kwanza zilikuwa nyeusi kama mkaa, mama aliweka juani wazi juu ya bati, kumbe ndo kosa, bati lilizichoma. Fundi wa hapa akatutengenezea kikaushio cha mbao na nailoni, mara ya pili kilo kumi zikatoa gramu 900, nyekundu ya damu ya mzee, tamu na chachu kwa pamoja, watoto wa jirani walimaliza robo kabla hatujapima sawasawa. Sasa wamepanga zamu, na kila mama ana daftari lake, amechuma lini, kilo ngapi, amepiga nini na lini. Wengine hawaandiki vizuri, wajukuu wanawaandikia. Bibi mmoja ameandika mpaka siku ambayo mbuzi waliingia shambani 😂

SIDO tumepata nafasi mwezi ujao watu sita. Mpaka sasa tuna kilo nne kavu. Najua ni kidogo. Zifungashwe kwenye nini ili zisivute unyevu mvua zikianza?

MamaPakihausi

Hongereni sana, gramu 900 ni nzuri. Mifuko minene ya kusimama yenye alumini ndani na zipu, Mwanza inapatikana. Zikishatoka kwenye kikaushio zikae siku chache kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, uzitikise kila siku. Ukiona mvuke kwenye ukuta wa ndoo zirudishe juani, hazijakauka.

NyukiWaSikonge

Mwalimu mteja wetu wa asali anakuja Tabora mwisho wa mwezi, ananunua na vitu vingine vikavu. Siahidi kitu. Nitumie gramu 200 kwa basi, na nakala ya ukurasa mmoja wa daftari.

BiManyovu

Mimi Alhamisi nitakuwa stendi Kasulu asubuhi. Mwambie mama aniletee robo kilo nikaionyeshe kwa wale wa Bujumbura, na aifunge kwenye karatasi ya kaki, asije na kopo la Blue Band kama siku ile ya maharage, lilinukia siagi mpaka nikaona aibu.

MwanaMunanila

Kumbe ni wewe! Amecheka sana, anasema bado unadaiwa hilo kopo. Alhamisi atakuja.